Mzee Miyazaki alistaafu lini hasa?

Mwezi haupiti bila mpwa wangu kunitumia kiungo WhatsApp: "Anko, trela ya filamu mpya ya Miyazaki imetoka!" Nafungua. Binti wa nywele fupi amesimama kwenye majani marefu, upepo unavuma, mawingu meupe pe, kinanda kinalia taratibu. Sekunde ya kumi na moja hivi, mkono wa binti unaota kidole cha sita. Naifunga na kumjibu: "Hiyo imepikwa." Wiki mbili baadaye linakuja bango, safari hii lina na tarehe kabisa.

Simlaumu. Habari za Miyazaki Hayao huwachanganya hata wahariri wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mzee huyu wa filamu za katuni alizaliwa Tokyo Januari 5, 1941. Ana Oscar mbili za filamu bora ya katuni na nyingine ya heshima aliyopewa mwaka 2014, na kwa zaidi ya miaka ishirini kila filamu yake imekuwa ikitajwa kuwa ndiyo ya mwisho. Leo amestaafu, kesho yuko kazini. Ukisoma vichwa vya habari tu utadhani ni mzee kigeugeu, au ni janja ya kuuza tiketi. Ukiangalia filamu zenyewe zinavyotengenezwa, unakuta kuna kitu kingine kabisa.

Tuanze na karatasi.

Kwa kawaida filamu huanza na muswada. Mtu anaandika hadithi mpaka mwisho, wenye fedha wanaisoma, wanabishana, wanapitisha bajeti, ndipo kazi inaanza. Katuni nazo huenda hivyo hivyo, ila baada ya muswada inakuja hatua ambayo Wajapani wanaiita ekonte. Ni karatasi zenye visanduku vidogo vilivyopangwa wima. Ndani ya kila kisanduku kuna mchoro mdogo wa tukio, na pembeni yake safu nyingine: nani anafanya nini, anasema nini, na kitendo kichukue sekunde ngapi. Hiyo ndiyo ramani ambayo wachoraji wote wataifuata.

Miyazaki huruka muswada. Anakaa na penseli na kuanza ekonte moja kwa moja, kisanduku baada ya kisanduku, na hadithi anaikuta humo humo. Sehemu ya kwanza ikikamilika inashushwa kwa wachoraji, nao wanaanza kazi, huku yeye akiendelea kuitafuta ya pili. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambapo jengo zima la watu linachora filamu ambayo hakuna anayejua itaishaje, yeye mwenyewe akiwemo. Ni sawa na fundi kuambiwa apandishe ukuta wa sebule wakati mwenye nyumba hajaamua vyumba viwe vingapi.

Mfano mzuri ni filamu aliyoitoa mwaka 2001, ambayo dunia inaijua kama Spirited Away. Yule kiumbe mweusi mwenye kinyago cheupe, asiye na uso wala sauti yake mwenyewe, hakupangwa kuwa mtu mkubwa katika hadithi. Kazi ikiwa imeshafika mbali, ikaonekana kwamba njia iliyokuwa inafuatwa ingeifanya filamu iwe ndefu kupita kiasi. Miyazaki akarudi nyuma, akamwona yule aliyesimama kimya darajani, akampa uzito. Leo ndiye anayechapwa kwenye fulana.

Sasa ongeza hesabu ya mkono. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Mchoro mmoja huweza kushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo unahitaji michoro kati ya 8 na 12 kwa sekunde, na kama kuna watu watatu wanaosogea, kila mmoja ana yake. Wachoraji wakuu wanachora mikao mikubwa, wengine wanajaza katikati, kisha kila kitu kinapita machoni pa mzee. Kwa filamu yake ya mwaka 1997, Princess Mononoke, inasemwa kwamba kati ya michoro ipatayo 144,000, alipitia na kurekebisha kama 80,000 kwa mkono wake. Katika The Wind Rises ya mwaka 2013 kuna kipande cha sekunde nne tu chenye umati wa watu, kila mmoja anatembea kivyake. Kilimchukua mchoraji mmoja mwaka na miezi mitatu. Sekunde nne! Nimerudia kukitazama mara kadhaa, na kila mara ninapokishika kwa jicho kimeshapita.

Hapo ndipo suala la kustaafu linapoanza kueleweka. Baada ya 1997 alishasema imetosha, akarudi. Lakini tangazo zito lilikuwa la Septemba 6, 2013, mbele ya waandishi wa habari mjini Tokyo, ambako alisema safari hii hatanii. Wengi walikumbuka sentensi hiyo, wakasahau hesabu iliyofuata. Alieleza kwamba kutoka filamu iliyotangulia hadi ile ya 2013 ilipita miaka mitano. Kwa umri wake, ya baadaye ingeweza kuchukua sita au saba, na yeye alikuwa anakaribia 73. Alikuwa mzee aliyepiga hesabu ya penseli yake na kuona siku hazitoshi.

Kisha alirudi, na hesabu ikatimia kama alivyoipiga. Novemba 2016 shirika la utangazaji la NHK lilionyesha filamu ya hali halisi juu yake, na humo akaonekana akipeleka kwa mtayarishaji wake wa miaka yote, Suzuki Toshio, pendekezo la filamu ndefu. Ilitoka Julai 14, 2023. Miaka saba hiyo. Alikuwa na umri wa 82.

Hiyo hiyo filamu ya NHK ndiyo chanzo cha maneno mengine yanayozunguka mitandaoni nusu nusu. Machi 2025, watu walipogeuza picha zao za harusi na za kijiweni kuwa "za Ghibli", yaani kwa mtindo wa studio ya Miyazaki, kwa programu ya akili mnemba, sentensi moja ilisambazwa kila mahali: kwamba Miyazaki aliita teknolojia hiyo tusi kwa uhai. Ni kweli alisema, ila alikuwa anasema juu ya jambo jingine. Alikuwa ameonyeshwa jaribio la kompyuta lililofundisha umbo kama la maiti kujikokota chini kwa kutumia kichwa. Akamkumbuka rafiki yake mwenye ulemavu ambaye hata kuinua mkono wa salamu ni kazi, na akakasirika. Picha za harusi hazikuwepo. Sidhani kama angezipenda, lakini ni heri tumnukuu alipokuwa.

Narudi kwenye ile miaka saba. Kwa Kijapani filamu inaitwa Kimitachi wa Dō Ikiru ka, yaani "Nyinyi Mtaishije?", jina lililoazimwa kutoka kitabu cha mwaka 1937 cha Yoshino Genzaburō, ingawa hadithi si ya kitabu hicho. Nje ya Japan ikaitwa The Boy and the Heron, kwa ajili ya mvulana Mahito na korongo wa kijivu anayemsumbua. Ndege huyo hata huku kwetu yupo, kwenye mabwawa na mikokoni. Watu wa pwani wanamwita pia kulasitara. Anavyosimama kwa mguu mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo yasiyomhusu, sishangai kwamba mzee alimpa sauti.

Mwaka 2020 Suzuki alieleza mwendo wa kazi kwa namba ambazo mtu hasahau. Totoro, filamu ya Miyazaki ya mwaka 1988, ilifanywa na wachoraji wanane kwa miezi minane. Hii mpya ilikuwa na wachoraji 60, na kwa mwezi mzima walitoa dakika moja. Miaka mitatu ya kazi, dakika 36. Walikuwa wanachora michoro mingi zaidi kwa kila tendo, na mzee mwenyewe hakuwa tena na kasi ya zamani. Isitoshe, studio ilikuwa imesimamisha utengenezaji mwaka 2014, watu wakatawanyika. Ilibidi mwaka 2017 itangaze nafasi za kazi upya, kama duka lililofungwa linalotafuta wauzaji.

Na ile tabia ya kutojua mwisho iliwakuta tena, safari hii kwa namna nzito. Kwa maelezo ya Suzuki, ndani ya hadithi hii Mahito ni Miyazaki, korongo mjanja ni Suzuki, na mzee wa mnara, babu mkubwa anayeilinda dunia iliyojengwa kwa mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine, ni Takahata Isao. Takahata alikuwa mkubwa wake kazini tangu miaka ya 1960, mshirika, mshindani, na mwanzilishi mwenzake wa studio. Alifariki Aprili 5, 2018, ekonte ikiwa bado inaendelea. Miyazaki akakwama. Alipoanza tena, uzito wa hadithi ulikuwa umehama: uhusiano wa mvulana na babu ulipungua, wa mvulana na korongo ukakua. Muswada uliopitishwa na kugongwa muhuri usingetikisika hivyo kwa msiba. Ekonte isiyokamilika ilitikisika.

Swali ambalo mtu wa biashara ataliuliza hapa ni moja: nani analipa watu 60 kwa miaka yote hiyo, kwa filamu isiyojulikana mwisho wake?

Filamu nyingi za Japan hulipiwa na kinachoitwa kamati ya utengenezaji. Kituo cha televisheni, mchapishaji wa vitabu, kampuni ya matangazo, watengeneza midoli na wengine wanachanga, hasara ikija wanagawana, faida ikija kila mmoja anachukua haki yake: huyu kurusha kwenye televisheni, yule kuuza vinyago. Ni kama mchango wa harusi ambao kila mchangaji ana kiti kwenye kamati na maoni juu ya keki. Utaratibu huo unapunguza hatari, lakini wachangaji wanataka tarehe, wanataka trela, wanataka mwigizaji maarufu asimame mbele ya kamera.

Safari hii studio Ghibli ililipa yenyewe, bila kamati. Iliweza kwa sababu ina mzigo wa filamu za zamani zinazoendelea kuuza, jumba la makumbusho huko Mitaka lililofunguliwa 2001, na vinyago vya Totoro visivyoisha sokoni. Pia kuna jambo linalotugusa. Januari 2020 Netflix ilitangaza kwamba inachukua filamu 21 za Ghibli kwa nchi zilizo nje ya Japan, Marekani na Kanada, Afrika ikiwemo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo studio ilikuwa imekataa kuonyeshwa mtandaoni. Suzuki amesimulia jinsi alivyomshawishi mzee: filamu yako inachukua muda mrefu, muda ni fedha, na hizi zitalipia. Mzee akasema basi hakuna la kufanya. Ndiyo maana mtu wa Mwanza ameiona Totoro kwenye Netflix na mtu wa Chicago akalazimika kuitafuta kwingine. Mimi ya kwanza niliiona kwa CD iliyochomwa, manukuu yakiwa nyuma ya midomo kwa sekunde mbili, hivyo sina la kumcheka mtu.

Kwa kuwa hakukuwa na wachangaji wa kuwaridhisha, Suzuki akafanya jambo ambalo kwenye kamati lingezomewa. Hakutoa trela. Hakutoa picha hata moja, wala majina ya waigizaji wa sauti, wala muhtasari wa hadithi. Kulikuwa na bango moja tu: kichwa cha ndege kilichochorwa kwa mkono, na chini ya mdomo wake jicho jingine linalochungulia. Hata kijitabu cha filamu, ambacho Wajapani hununua sinemani kama sisi tunavyonunua bisi, hakikuwepo siku ya kwanza. Sababu yake ilikuwa kwamba enzi za ujana wake mtu aliona bango na jina, akajaza mengine kwa mawazo. Siku hizi trela inamaliza kila kitu kabla hujakaa. Miezi saba kabla, filamu ya mpira wa kikapu The First Slam Dunk ilikuwa imetoka na matangazo yenye kubana habari, na ikajaza kumbi. Hata hivyo Suzuki alikiri kwamba Miyazaki mwenyewe aliingiwa na wasiwasi.

Kwa siku nne za mwanzo ilikusanya zaidi ya yeni bilioni 2. Watu wakasema, unaona, matangazo hayana maana! Hapo mimi natofautiana nao. Ukimya ule ulifanya kazi kwa sababu ya miaka arobaini ya jina. Mwongozaji chipukizi akinyamaza hivyo, atanyamaziwa. Isitoshe, ukimya ulikuwa wa Japan peke yake. Septemba 7 mwaka huo huo filamu ikafungua tamasha la Toronto, na kwa soko la Marekani, ilikotoka Desemba 8, trela zilitengenezwa kama kawaida. Na hata Japan, mapato ya mwisho hayakuikaribia Spirited Away, iliyopita yeni bilioni 30. Wengi walitoka ukumbini wakikuna vichwa. Miyazaki aliwaambia waliokuwa kwenye onyesho la kwanza la ndani kwamba huenda hawakuielewa, na kwamba yeye naye kuna sehemu haelewi. Machi 10, 2024 ikachukua Oscar. Hakwenda kuipokea, kama ambavyo hakwenda mwaka 2003 kwa ile ya Spirited Away.

Kuna fundo moja limebaki, nalo ndilo linaloamua kama filamu nyingine itakuja.

Jina Ghibli lenyewe ni upepo. Waitaliano waliliazima kwa ndege yao ya kijeshi kutoka Kiarabu cha Libya, ambako ni upepo wa moto wa jangwani, upepo wa upande wa kibla. Ndiyo, kibla ile ile. Miyazaki, mpenzi wa ndege tangu utotoni kwa sababu kiwanda cha familia yao kilitengeneza vipuri vya ndege za vita, akaliweka juu ya studio mwaka 1985, ingawa Wajapani wanalitamka Jiburi. Tangu hapo upepo umetegemea mapafu ya watu wachache. Mrithi aliyetazamiwa, Kondō Yoshifumi, alifariki Januari 1998 akiwa na miaka 47. Mtoto wa Miyazaki, Gorō, ambaye naye ni mwongozaji, alikataa kuibeba studio peke yake. Septemba 21, 2023 kituo cha Nippon TV kikatangaza kuchukua asilimia 42.3 ya haki za kura, na Ghibli ikawa chini yake. Miezi miwili kabla, watazamaji walikuwa wameona kwenye kioo babu wa mnara akimwomba kijana aurithi ule ulimwengu wa mawe, na kijana akikataa.

Maana yake kwa anayesubiri? Nippon TV inaweza kusimamia hesabu, jumba la makumbusho na vinyago. Haiwezi kuchora ekonte. Filamu mpya ya Ghibli inaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye kipaji watakayemwajiri. Filamu mpya ya Miyazaki inahitaji mkono ule ule na saa zilizobaki ndani yake. Hayo ni mambo mawili, na vichwa vya habari huyachanganya karibu kila wiki.

Kuhusu la pili, neno zito kutoka ndani ya studio ni la Septemba hiyo hiyo, Toronto. Nishioka Junichi, mmoja wa viongozi wa Ghibli, alisema watu wengine wanadai hii ni ya mwisho, lakini mzee mwenyewe haoni hivyo: anakuja ofisini, anafikiria filamu nyingine, na safari hii hatatangaza kustaafu. Mtu anayefikiria filamu hajaanza filamu. Dalili ya kweli ni studio kutangaza kwamba ekonte imeanza na wachoraji wanatafutwa, kama ilivyokuwa 2017. Jina la filamu lilikuja miezi kadhaa baadaye. Trela, kwa uzoefu wa mwisho, haikuja kabisa.

Juzi mpwa wangu akauliza tena, safari hii kwa sauti: "Sasa Anko, tuseme kesho ekonte inaanza, tutaiona lini?" Nikamwambia achukue dakika moja kwa mwezi. Ile ya 2023 ilikuwa na dakika 124. Nikamsikia anabonyeza kikokotoo. Akanyamaza kidogo, akauliza mzee ana miaka mingapi vile.